Propela ya Baba Mkwe

Nikiwa harusini au kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, kila mara kuna mmoja anayemnong'onezea mwenzake, "Yule ndiye mke wa mtu wa ndege." Mwenzake naye hugeuka kunitazama, na mimi najua anatafuta nini usoni mwangu. Anataka kujua kama mimi ndiye niliyekuwa mjinga au mume wangu ndiye aliyekuwa na kichaa. Hapana, dada yangu. Hakuna aliyekuwa na kichaa. Mume wangu alikuwa mtu mpole mwenye kucha zilizojaa grisi, aliyependa muthokoi wake, yale mahindi ya kukobolewa tunayopika na mbaazi, uwe na mbaazi nyingi kuliko mahindi, na alitengeneza ndege nyuma ya nyumba yetu pale Matiliku. Na iliruka. Hilo watu hulisahau.

Mimi ni mzaliwa wa Kitui, Makueni nililetwa na ndoa. Kwetu Kitui tunasema neno likiwa bado moto. Huku nilikuta watu wanaolizunguka neno kama kuku anayetafuta pa kutagia, na baba mkwe wangu, Mungu anisamehe, ndiye aliyekuwa kuku mkuu. Alikuwa mchonga vinyago. Ujanani alijifunza kazi hiyo kule Wamunyu, akazeeka akichonga vifaru na twiga wa kuuzia watalii. Nilipenda kumtazama akifanya kazi, lakini kwa mbali. Tezo lake liliingia kwenye mti taratibu, bila haraka, naye akiongea na ule mti kama mtu anayebembeleza ng'ombe akamuliwe.

Nilisema kwa mbali kwa sababu kati ya mke na baba wa mumewe kuna heshima kwetu sisi Wakamba, na kwa mzee yule heshima hiyo ilikuwa kali. Hakuingia chumba changu cha kulala wala hakukaribia jiko langu. Hakupokea kitu mkononi mwangu. Nikiwa kwake, nikimletea chai, niliweka kikombe juu ya stuli, nikarudi nyuma, ndipo akakichukua. Tukikutana kwenye kijia, mmoja wetu alitoka akasimama kwenye majani mpaka mwenzake apite. Wasichana wa siku hizi wakisikia hayo wanacheka sana. Wacheke tu. Sisi tuliishi hivyo na hatukufa.

Mume wangu ndiye mtoto wa kiume wa pekee aliyekuwa naye. Mzee alitaka amrithishe tezo. Kijana akaenda Nairobi, akapata kazi ya kufagia kwenye karakana ya ndege ndogo, zile za kupeleka watalii mbugani na za kunyunyizia mashamba dawa. Alifagia mpaka akaanza kushika spana, akashika spana mpaka akawa fundi. Mzee aliposikia alisema, "Basi aende akalambe chuma," na toka siku hiyo hakuikanyaga nyumba ya mwanawe. Tulipooana alikuja kanisani, akala chakula cha harusi, akarudi kwake. Alikaa mwendo wa saa moja tu kutoka kwetu, lakini ungedhani anakaa Uganda. Mume wangu aliumia. Hakusema, lakini kila tulipopata mtoto alitazama njia siku nyingi akimngoja baba yake aje kumwona mjukuu. Wasichana watatu, na mara zote tatu aliyekuja ni nyanya yao peke yake.

Miaka ya sabini ilipofika katikati, ile karakana ya Nairobi ilifungwa na mume wangu akarudi nyumbani na sanduku la vyuma, michoro ya ndege ya mtu mmoja, na propela kuukuu, lile panga la mbele linaloivuta ndege, iliyovunjika upande mmoja. Wanaume wengine hurudi kutoka Nairobi na redio au mwanamke wa pili. Wangu akarudi na propela mbovu. Akaitundika ukutani kwenye kibanda nyuma ya nyumba, akaanza kutengeneza injini za posho mill, zile za kusagia mahindi, na pampu za maji ili tule, na kila Jumamosi na kila jioni kabla giza halijaingia alikuwa kwenye kibanda kile akijenga ndege.

"Ya kwenda wapi?" nilimwuliza.

"Juu."

"Na huko juu kuna nini?"

"Nimezitengeneza ndege za watu zaidi ya nusu ya maisha yangu," akasema. "Hakuna hata moja niliyoambiwa, haya, leo panda uione Ukambani kutoka juu."

Basi nikanyamaza, maana hilo nililielewa. Mtu aliyepikia wengine maisha yake yote ana haki ya kuonja.

Watu hudhani ndege ni chuma. Hata mimi nilidhani hivyo. Lakini ile yetu ilikuwa mbao na kitambaa, chuma kilikuwa kidogo tu. Mbavu za mabawa alizikata kutoka kwa mbao nyepesi, moja baada ya nyingine, nyembamba kama vijiti vya kukorogea uji, akaziunganisha kwa gundi na misumari ambayo ungeikosea kuwa sindano. Injini ilitoka kwenye gari dogo, aina ile yenye mgongo wa kobe, lililopinduka kwenye barabara ya Mombasa. Kitambaa nilishona mimi. Nilikuwa na cherehani ya kukanyaga, na nilishona sare za shule mchana na mabawa jioni. Kitambaa kikishavikwa, kilipakwa dawa ya kukikaza iliyonuka kama ndizi zilizopitiliza kuiva, kikakazika mpaka ukikigonga kwa kidole kinalia kama ngoma. Wacha niseme ukweli, nilijivuna. Hakuna mwanamke mwingine Matiliku aliyekuwa ameshona bawa.

Haikuwa kazi ya kunyooka. Mara ya kwanza alipoiendesha chini tu, kwenye uwanja wa soko siku isiyo ya soko, mkia ulikuwa mzito ikawa inakaa kama mbwa. Akahamisha tangi la petroli mbele. Magurudumu aliyoyatoa kwenye mkokoteni yakapinda kwenye mawe, akafunga ya pikipiki. Halafu akaja kuniambia, kwa uso wa mtu anayeleta habari ya msiba, kwamba mabawa ni mafupi, hewa ya huku kwa joto letu ni nyembamba, lazima ayarefushe. Maana yake nifumue mshono wangu wote! Nilimrushia mkasi. Haukumpata. Akauokota, akauweka juu ya meza kwa adabu, akasema, "Basi nitafumua mwenyewe," na alipoanza kufumua nikaona anavyopasua kitambaa, nikamnyang'anya. Siku hizi nikipita na mkasi karibu na kitambaa cheupe ninamkumbuka alivyosimama pale.

Chifu alikuja, akaizunguka ndege, akatikisa kichwa. "Umewaandikia wakubwa Nairobi?" Mume wangu akasema ameandika na wamejibu kwamba watamtuma mtu. "Basi mngoje," akasema chifu. "Na usipomngoja, ukiruka mimi sijui kitu. Ukianguka, pia sijui kitu." Tulimcheka alipoondoka, na yule mtu wa Nairobi hakuja kamwe.

Siku mzee alipokuja nilikuwa nikianika mbaazi. Nilimwona akipanda njia na fimbo yake, na mara ya kwanza sikuamini, nikadhani ni mtu anayefanana naye. Alikuwa amesikia kwamba mwanawe anajenga kitu cha kipumbavu na amekuja kukemea, hilo lilionekana hata kwa jinsi alivyoikanyaga ardhi. Nikatoka njiani. Akapita moja kwa moja mpaka kibandani.

Bawa moja lilikuwa bado halijavikwa kitambaa. Limelala juu ya meza, mbavu zote wazi. Mzee alisimama. Nikasogea nisikie ugomvi ukianza. Ugomvi haukuanza. Mzee alikuwa ameinama amekaribiza uso kabisa, kwa maana macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na alikuwa anapitisha kidole gumba juu ya ubavu mmoja, akaenda wa pili, akaenda wa tatu.

"Kumbe ni mti," akasema.

"Ni mti, baba."

"Ndege ni mti! Na hukuniambia?"

Mume wangu alikuwa mtu mzima, baba wa watoto watatu, na aliinamisha kichwa nikaona mabega yake yanatetemeka. Mzee alijifanya haoni. Akauliza kama hakuna patasi nzuri kuliko hiyo, hii imenolewa vibaya, nani aliyemfundisha kunoa?

Toka siku hiyo alikuja karibu kila siku. Aliwaletea watoto miwa. Aliketi kibandani akinoa patasi zote, akilaumu kila kiungo: "Viungo, viungo! Mti mzima hauna kiungo. Kitu chenye viungo kitaachana." Huo ndio uliokuwa msimamo wa wachongaji wa zamani, kwamba kazi ya heshima hutoka kwenye gogo moja, na kuunganisha vipande ni kazi ya fundi wa meza. Tena huchonga mti ukiwa mbichi, kwa sababu mbichi ni laini, halafu wanauzika kwenye vumbi la mbao ukauke polepole. Ukikauka vibaya unapasuka. Ukipasuka, mchongaji hautupi: anachanganya vumbi la mti uleule na gundi, anaziba, anapiga msasa, anapaka rangi ya viatu, na mtalii anakwenda kwao na kifaru chake akiwa na furaha. Hakuna udanganyifu hapo. Ni sehemu ya kazi, kama mimi ninavyokunja pindo ili uzi usionekane.

Kilichobaki kilikuwa propela. Mume wangu alikuwa amemwomba fundi mwenzake wa zamani amtafutie moja, na hatimaye ikaletwa na basi kutoka Nairobi, imefungwa kwa magunia. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa imeundwa kwa mbao nyembamba zilizobandikwa tabaka juu ya tabaka, kavu kabisa, ngumu, imepakwa vanishi mpaka unajiona. Akanieleza kwamba tabaka moja likitaka kupinda hili lingine linalikataza, ndiyo maana haivunjiki. Tukaiweka chini ya kitanda chetu watoto wasiichezee, na mzee alikuwa bado hajaiona. Alikuwa na furaha kama bwana harusi.

Hata wiki haikuisha. Jumapili baada ya ibada mzee akaja na wazee wenzake wawili wa rika lake, wote wamevaa makoti. Mmoja alibeba kitu kirefu kimefungwa kwenye blanketi. Wakakaa chini ya paa la kibanda, nikawawekea chai kwenye stuli, nikarudi nyuma. Mzee akafungua blanketi.

Alikuwa amechonga propela. Alichukua vipimo kwa siri kutoka kwa ile iliyovunjika ukutani, upande ule mzima, kwa kamba na vidole vyake. Alikuwa amekata mukau wake, mti aliouacha usimame miaka yote nyumbani kwake, ambao watu walimbembeleza awauzie akakataa. Gogo moja, bila kiungo. Wuui, ilikuwa nzuri! Nasema hata leo, baada ya yote, sijaona mti uliochongwa vizuri kama ule. Ule mzunguko wa bawa lake ulijipinda kama shingo ya ng'ombe anayegeuka kumtazama ndama.

"Mwanangu," akasema mbele ya wale wazee, "nilikuambia ulambe chuma. Neno hilo lilikuwa baya na ninalirudisha. Chukua."

Mimi nilimtazama mume wangu. Najua yeye pia alikuwa anafikiria kitu kilicho chini ya kitanda. Na nilijua, kabla hajafungua mdomo, kwamba hatasema. Utamwambia nini baba aliyekuja na mashahidi kurudisha neno lake? Kwamba asante, mzee, lakini nina nyingine ya dukani? Kwetu mtu haikatai zawadi ya mzazi iliyotolewa mbele ya watu. Ni kama kumtemea mate. Akaipokea kwa mikono miwili.

Asubuhi yake ndipo aliponiambia, akifunga kamba za viatu: "Mti bado ni mbichi."

"Basi mwambie ungoje ukauke."

"Ukauke mpaka mvua ijayo? Macho yake hayatafika mvua ijayo. Umeona anavyopapasa kikombe?"

Nilikuwa nimeona. Ukungu ulikuwa umefunika jicho moja lote na la pili lilikuwa linafuata.

Wakaipima pamoja, baba na mwana. Waliitundika katikati kwenye chuma, upande mzito ukashuka, mzee akaparua kidogo, ikapimwa tena, mpaka ikakaa sawasawa kama mizani. Wakaifunga kwenye injini, ndege ikafungwa kwa kamba kwenye nguzo, ikawashwa. Ilivuta! Vumbi likajaa uwanja mzima, shuka zangu zikaanguka kutoka kwenye kamba, watu wa sokoni wakaja mbio, na mzee alisimama mbele ya upepo wake mwenyewe, koti linapepea, amefumba macho. Sikuwahi kumwona akicheka kabla ya siku hiyo. Hata mimi nikaanza kujiambia kwamba labda mume wangu ana wasiwasi wa bure.

Kiwanja kilikuwa kule chini upande wa Kalamba, kipande cha murram, udongo mwekundu wa changarawe, kilichokatwa zamani kwa ajili ya ndege za dawa ya nzige. Ndege ilivutwa na trekta, mabawa yamelazwa kando yake, yakafungwa tena kule kule. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, anga haina wingu, ukame ulikuwa umeanza kung'ata na upepo ulikuwa mkavu wa kupasua midomo. Watu walijaa. Mzee wa kanisa akaomba, akaomba sana, mpaka nikafungua jicho moja. Wanawake wakapiga vigelegele. Baba mkwe alikuwa kwenye kiti na wale wenzake wawili, na alikuwa ameomba kiti kigeuzwe mahali jua litakuwa mgongoni, ili jicho lake lile lililobaki lione.

Mume wangu alikuwa anaipangusa propela kwa kitambaa. Nikaona mkono wake umesimama. Akaniita, kwa sauti ya kawaida ili wengine wasikie, "Njoo uangalie uzi wako hapa." Nikaenda. Hakukuwa na uzi wowote. Karibu na kitovu cha propela, mahali inapofungwa kwa boliti, palikuwa na mstari mwembamba kama unywele, rangi yake imezidi kidogo weusi. Ungepita bila kuuona. Mimi niliyetazama vifaru vya mzee miaka mingi niliujua mara moja.

"Ameuziba," akasema mume wangu polepole.

"Fungua. Tuma trekta ilete ile ya chini ya kitanda."

"Leo?"

"Sasa hivi!"

Akamtazama baba yake kwenye kile kiti. "Niwaambie nini wale wazee? Kwamba kazi yake ni mbovu?"

"Waambie injini imekataa."

"Umewahi kuniona nikimdanganya baba?"

"Wewe ni fundi au ni mtoto?" nikamwuliza, na nilikuwa nimekasirika mpaka naona nyota.

Akatabasamu. "Ni vyote viwili." Halafu akasema, "Mzunguko mmoja tu. Aione. Jumatatu nitafunga ile nyingine, na hii tutaitundika sebuleni, hataiuliza." Nilimshika mkono wa shati. Nilimwambia maneno ambayo mke hamwambii mumewe mbele ya watu, kwa sauti ya chini, moja baada ya jingine. Akasikiliza yote. Kisha akanitoa vidole kwenye shati lake kimoja kimoja, akapanda.

Iliruka. Iliyumba, ikaruka kidogo kama panzi, ikashuka, halafu ikainuka na ikaendelea kuinuka, na nikaona mishono yangu ikiangaza jua kwa chini. Akapita juu yetu. Baba mkwe alisimama kutoka kwenye kiti akapiga kelele, "Naiona! Kivuli chake, nimekiona!" Wale wenzake wakamkumbatia. Ndege ikageuka upande wa vilima vya Kilungu, ndogo sasa, nyeupe, na kwa kitambo kidogo nilimsamehe kila kitu na nikafurahi, kwa sababu hatimaye alikuwa anaiona Ukambani kutoka juu.

Sauti ilikuwa kama ya mtu aliyevunja kuni kwenye goti. Kisha injini ikalia vibaya, ndege nzima ikatetemeka, ikanyamaza. Ilianza kurudi kwetu, imeinamisha pua, na mafundi wa injini za mahindi waliokuwa pale wakasema atafika, atafika. Hakufika. Alishuka nyuma ya ua wa makonge, ng'ambo ya kiwanja. Watu wakaanza kukimbia, wamefunga midomo kwa mikono.

Mzee alikuwa bado amesimama, uso umeelekea juu, bado anatabasamu. "Amefika wapi?" akauliza. "Mbona mmenyamaza? Amefika wapi?"

Wale wenzake wawili walitazama chini. Desturi hainiruhusu nimwanze mimi kwa maneno, lakini nani mwingine angesema? "Ameanguka, baba," nikamwambia, nikakimbia.

Alikuwa hai walipomtoa, na hakuwa hai walipofika naye barabarani. Sitasema zaidi ya hapo.

Tunawafundisha watoto kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimelisikia kwa walimu, nimelisikia kwa wahubiri, na kila nikilisikia nataka kusimama niulize: na aliyesikia je? Yeye huvunjika nini?

Msiba ulikuwa kwetu, kama ilivyo desturi, na watu walikuja kutoka pande zote. Siku ya pili mchungaji mmoja wa mbuzi akaleta kipande cha propela alichokiokota shambani. Watu walijaribu kukificha, lakini mzee alikuwa amesikia. Akakitaka. Akakiweka mapajani, akapitisha kidole gumba mahali palipovunjika, pale ambapo ile gundi na vumbi vilikuwa vimeachana na mti ulipokauka. Alikaa hivyo asubuhi nzima. Alipewa chai ikapoa, akapewa nyingine.

Mchana akamtuma mtu aniite. Nikasimama mbali kama inavyotakiwa, nimeinamisha macho.

"Nilimwua kwa mkono wangu," akasema. "Hilo nalijua, usiniambie sivyo. Nataka kujua kitu kimoja tu. Alikuwa na nyingine? Alikuwa na ya kufunga badala ya hii?"

Mimi ni wa Kitui, nilishasema. Neno likiwa moto tunalisema. Lakini nilimwona kwa kope za macho, amekishika kile kipande kama mtu anavyomshika mtoto mchanga, na nikaelewa kwamba swali lake lilikuwa na pande mbili. Kama hakukuwa na nyingine, basi yeye ni mzee aliyempa mwanawe kitu pekee kilichokuwepo, na kikavunjika. Kama ilikuwepo, basi mwanawe aliona kifo, akakichagua, ili baba yake asione haya mbele ya wazee wawili. La kwanza mtu anaweza kulibeba mpaka kaburini. La pili, sijui.

"Hakuwa na nyingine, baba," nikasema. "Ya kwako ndiyo ilikuwa peke yake."

Akaitikia kwa kichwa.

Kesho yake, mapema, wanawake wa kusaidia kupika hawajafika, niliivuta ile propela kutoka chini ya kitanda. Mazishi yalikuwa siku hiyo na nyumba ingejaa watu wa ukoo, wangelala humo, wangefagia kila kona. Nikaibeba mpaka nyuma ya jiko, nikaipasua kwa shoka. Ilikuwa ngumu hiyo! Shoka liliruka. Nililia nikiipiga, na sikujua nampiga nani, mti ule, au yeye, au baba yake. Nikavipanga vipande kando ya moto, nikaweka sufuria kubwa ya chai ya waombolezaji juu yake, nikaanza kuviingiza kimoja kimoja. Vanishi ikawaka kwa moto wa rangi ya buluu, na harufu ikatoka, kali, tamu kidogo, si harufu ya kuni za kwetu.

Nikasikia fimbo. Nikageuka, na baba mkwe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko langu, mahali ambapo hakuwa amesimama maisha yake yote. Nikashindwa kutoka njiani. Pa kutokea palikuwa pale pale alipo.

"Ni mti gani huo?" akauliza.

Mtu ambaye amechonga miti miaka yote ile huwezi kumwambia kwamba ni mukau, au mgunga. Akainama, akapapasa chini mpaka mkono wake ukafika kwenye vipande vilivyobaki. Akaokota kimoja. Kidole gumba chake kikatembea juu yake, juu ya ule ulaini wa vanishi, juu ya ule mpindo aliokuwa ameuiga yeye mwenyewe kutoka ukutani, kisha kikashuka ubavuni ambako shoka lilikuwa limepasua, na hapo kikahesabu matabaka, moja baada ya jingine, na viungo vyake vyote. Nikashika mdomo kwa leso.

Sufuria ikaanza kuimba. Halafu akapiga goti kwa taabu, akakitafuta moto kwa joto lake, akakisukuma kile kipande ndani.

"Kuni zako ni kavu, mwanangu," akasema. "Zilikauka vizuri."

Nikamchotea chai. Nilitafuta stuli ya kuwekea kikombe, haikuwepo, stuli zote zilikuwa zimechukuliwa na watu wa msiba. Mzee akanyoosha mikono yote miwili mbele yake, akangoja, na mimi nikakiweka kikombe mikononi mwake.